Bastola darasani: Texas, Georgia, Kansas au California kwa mwanafunzi anayetoka kwetu

Barua za kukubaliwa vyuo vya Marekani zikifika, maswali ya nyumbani huwa yaleyale: ada, ufadhili, baridi, nani atampokea mtoto uwanja wa ndege. Swali la bunduki huja mwisho, tena kwa sauti ya chini, na jibu lake mara nyingi ni la jumla: Marekani kote ni hivyo hivyo. Si kweli. Lipo jimbo ambalo anayeingia chuoni na bastola anavunja sheria hata akiwa na leseni mfukoni, na lipo jimbo ambalo anayevunja sheria ni mkuu wa chuo akijaribu kumzuia. Mwenye barua mbili mkononi anafaa kuijua tofauti hiyo kabla hajajibu.

Ila kabla ya kulinganisha chochote, kuna jambo moja ambalo vijana wengi huelezwa wakiwa wamechelewa. Ukienda kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, wewe si miongoni mwa watakaobeba. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa mianya michache, unaojulikana zaidi ukiwa ule wa leseni halali ya uwindaji. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 15, na kosa la bunduki linatosha kukurudisha kwenu. Si lazima bunduki iwe yako. Kukodi bastola kwa saa moja kwenye uwanja wa shabaha kunatosha kukuingiza matatani. Kijana mmoja kutoka Falme za Kiarabu alikuwa akisoma Florida, akapoteza nafasi yake chuoni kwa sababu ya alama, akabaki nchini, kisha akaenda kulenga shabaha. Kesi yake, Rehaif dhidi ya Marekani, ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2019. Majaji walikubaliana naye kwamba serikali ilipaswa kuthibitisha alijua hana tena ruhusa ya kuwepo nchini, lakini nani anauza shamba kumsomesha mtoto ili jina lake liingie kwenye vitabu vya sheria? Huko Texas, wenzako kukualika uwanja wa shabaha Jumamosi ni ukarimu wa kawaida kabisa. Kataa kwa adabu, waambie viza yako hairuhusu. Wataelewa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kwetu haamui kama atabeba. Anaamua kama yuko radhi kuishi na kusoma karibu na wanaobeba, na karibu kiasi gani.

Texas na California

Majimbo haya mawili yaliamua mwaka mmoja, 2015, na kila moja likaenda njia yake.

Texas ilipitisha sheria iliyotiwa saini na Gavana Greg Abbott, ikaanza kutumika katika vyuo vikuu vya umma tarehe 1 Agosti 2016. Siku hiyo ilitimia miaka 50 kamili tangu Charles Whitman apande mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kuwapiga watu risasi kutoka juu. Chini ya sheria hii, mwenye leseni ya jimbo, kwa kawaida aliyefikisha miaka 21, anaweza kuingia na bastola darasani, maktabani na mkahawani, mradi isionekane. Leseni yenyewe ina mafunzo ya saa nne hadi sita, mtihani wa maandishi na jaribio la kulenga. Tangu 2021 mtu mzima wa Texas hahitaji leseni kutembea na bastola mtaani, lakini ndani ya chuo bado inadaiwa. Mkuu wa chuo anaweza kutenga maeneo fulani yasiyoruhusiwa. Hawezi kufunga chuo kizima.

Katika waliopinga alikuwemo William McRaven, wakati huo mkuu wa mfumo mzima wa Chuo Kikuu cha Texas na matawi yake. Huyu ni admirali mstaafu, ndiye aliyesimamia operesheni iliyomwua Osama bin Laden. Wanaosema hofu ya bastola ni ya maprofesa wasiojua silaha wana kazi ya kumweleza yeye.

California ilikuwa na mwanya uliowaruhusu wenye leseni kuingia nazo vyuoni. Sheria ya mwaka huo wa 2015 ikauziba. Sasa bila idhini ya uongozi wa chuo huingii na bunduki, uwe na leseni usiwe nayo. New York, Illinois na Massachusetts nazo zinakataza kwa sheria zao.

Je, katazo la California linazuia mtu mwenye nia mbaya? Tarehe 1 Juni 2016, miezi mitano tu tangu sheria hiyo ianze kutumika, mwanafunzi wa zamani wa uzamivu aliingia UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, akamwua profesa, kisha akajiua. Na ruhusa ya Texas, je, inamzuia? Tarehe 1 Mei 2017, mwaka wa kwanza wa sheria ile, mtu mwenye kisu alimwua mwanafunzi mmoja na kujeruhi watatu katikati ya kampasi ya Austin. Aliyemkamata ni polisi wa chuo. Matukio haya mawili hayamalizi ubishi, lakini yanapunguza sauti za wale wanaouza sheria yoyote kama kinga.

Sasa usiishie kwenye jina la jimbo. Sheria ya Texas inavilazimisha vyuo vya umma. Vyuo binafsi viliachiwa hiari ya kujitoa, na karibu vyote vilijitoa. Rice ya Houston, Baylor ya Waco, SMU ya Dallas: ukisoma hapo uko Texas lakini darasani hairuhusiwi bastola. Vivyo hivyo Emory ya Atlanta, chuo binafsi, haiko chini ya sheria inayovihusu vyuo vya umma vya Georgia. Mzazi anayesema "sitaki mwanangu aende Texas" na anayesema "Texas haina shida" wote wawili wanajibu swali ambalo barua haijauliza. Barua imetoka chuo gani?

Mlango wa bweni

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu, ningeuliza la bweni. Darasani unakaa saa mbili; bwenini unalala, unagombana na mwenzako wa chumba kuhusu muziki, na Ijumaa usiku kuna pombe.

Hapa vyuo vya majimbo yanayoruhusu vinaachana sana. Katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wakazi wa mabweni hawaruhusiwi kukaa na bastola vyumbani. Wanaoruhusiwa kuingia nayo ni wachache, kama mzazi mwenye leseni anayemtembelea mwanawe, pamoja na wenye leseni katika kumbi za pamoja kama sebule na mahali pa kulia. Texas A&M, chuo cha umma cha jimbo hilohilo chini ya sheria hiyohiyo, kiliamua kuruhusu hadi bwenini. Georgia, iliyoanza kuruhusu tarehe 1 Julai 2017, iliandika kwenye sheria yenyewe kwamba mabweni hayamo, wala nyumba za vyama vya wanafunzi, wala viwanja vya michezo, wala vituo vya kulelea watoto. Gavana Nathan Deal alikuwa ameukataa muswada wa kwanza mwaka 2016. Uliorudi mwaka uliofuata ndio ukaja na orodha hiyo ndefu ya maeneo yaliyoachwa nje.

Kansas ilianza tarehe hiyohiyo ya 1 Julai 2017 kwa mkono mlegevu zaidi. Hakuna leseni inayodaiwa kwa aliyefikisha miaka 21, na chuo kikitaka kuzuia bastola kwenye jengo fulani lazima kiweke mitambo ya kukagua chuma na walinzi mlangoni. Hebu fikiria gharama ya kufanya hivyo kwenye kila jengo la chuo kikuu. Basi majengo mengi yako wazi, mabweni yakiwemo.

Utah ndiyo iliyotangulia. Sheria yake ya 2004 ilivinyima vyuo vya umma mamlaka ya kukataza, Chuo Kikuu cha Utah kikaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakiambia kimeshindwa. Mwaka uliofuata kikapatikana kitu kidogo cha maana: mwanafunzi wa bweni anaweza kuomba asipangiwe chumba na mwenye leseni ya bastola. Kwa mawazo yangu hicho ndicho kipengele chenye busara kuliko vyote katika sheria hizi, na majimbo mengine hayakukiiga kwa haraka.

Kwa nini nang'ang'ania bweni? Kwa sababu zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua, na jaribio la kujiua kwa bunduki ni nadra mtu kupona. Kijana wa miaka 19 aliye mbali na kwao, aliyefeli mitihani, anayeona aibu kupiga simu nyumbani, huyo tunamjua. Tumewazika baadhi yao. Saa mbaya ikimpata, kuwepo au kutokuwepo kwa bastola kwenye droo ya mwenzake ndiko kunakoweza kuamua. Jambo hili halina kelele kwenye mjadala kwa kuwa halifanani na mashambulizi ya kwenye habari, na pande zote mbili hulitaja kwa haraka.

Halafu kuna ajali. Septemba 2016, sheria ya Texas ikiwa bado changa, bastola ya mwanafunzi mwenye leseni ilifyatuka kwa bahati mbaya bwenini katika chuo cha Tarleton State. Hakuumia mtu. Miaka miwili nyuma, huko Idaho State, profesa msaidizi mwenye kibali alijipiga risasi ya mguu mbele ya wanafunzi wake kwa bastola iliyokuwa mfukoni.

Je, mwenye bastola atakuokoa?

Hoja ya wanaounga mkono si ya kipuuzi, na msomaji anayeikumbuka Garissa ya tarehe 2 Aprili 2015, ambako watu 148 waliuawa, hawezi kuicheka. Wanasema hivi: tarehe 16 Aprili 2007, Virginia Tech, mwanafunzi mmoja aliua watu 32 katika chuo kilichokuwa kikikataza bunduki. Bango la katazo lilimzuia nani? Mwaka huohuo wanafunzi wakaunda kikundi cha kudai haki ya kubeba, wakawa wanakwenda darasani na ala tupu za bastola kiunoni kama ishara ya kupinga.

Wanao na mfano. Januari 2002, katika shule ya sheria ya Appalachian huko Grundy, Virginia, wanafunzi wawili walikimbilia magari yao, wakarudi na bastola, na muuaji akadhibitiwa. Kinachoachwa mara nyingi kwenye simulizi hiyo ni kwamba wawili hao walikuwa na uzoefu wa kazi ya polisi, na hadi leo kuna ubishi kama muuaji alikuwa ameshaishiwa risasi.

Upande wa pili una Umpqua. Tarehe 1 Oktoba 2015, katika chuo hicho cha jamii huko Roseburg, Oregon, watu tisa waliuawa. Alikuwepo chuoni mwanafunzi, mwanajeshi wa zamani, mwenye leseni na bastola mwilini siku hiyohiyo. Hakwenda. Alieleza baadaye kwamba polisi wangefika wakamkuta na bastola mkononi, wangejuaje kwamba si yeye? Nimeusoma uamuzi wake kama wa mtu anayejua kazi, si wa mwoga.

Na kwa mtu mweusi hesabu hiyo ni nzito zaidi. Nalisema hili kwa familia zilizoko huko tayari, wale wa Minneapolis, Dallas au Columbus, ambao watoto wao wana makazi ya kudumu au uraia na kwa hiyo wanaweza kuomba leseni. Philando Castile alikuwa na kibali halali. Tarehe 6 Julai 2016, karibu na St. Paul, Minnesota, alisimamishwa barabarani, akamwambia polisi kwa upole kwamba ana bastola, na akapigwa risasi ndani ya gari akiwa na mwenza wake na mtoto. Polisi yule aliachiwa huru na baraza la mahakama mwaka 2017. Tukio halikuwa la chuoni, lakini kijana mwenye asili ya Kiafrika anayefikiri leseni itamlinda kampasi alijue.

Upande wa wapinzani nao ulitabiri makubwa mwaka 2016: kwamba ugomvi wa alama za mtihani utaishia kwa risasi kila muhula. Mafuriko hayo ya damu hayakuja. Wenye leseni wengi ni watu wazima watulivu, na wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hata miaka 21 hawajafika. Yaliyobadilika ni madogo madogo, na yanamgusa zaidi mtu mmoja ambaye mijadala hii humsahau.

Mwalimu msaidizi

Mwanafunzi wa kwetu anayekwenda kwa uzamili au uzamivu mara nyingi halipi ada. Analipiwa kwa kufundisha. Anaongoza vipindi vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kusahihisha kazi zao, na mwisho wa muhula ndiye anayekabiliwa na kijana aliyepata D na anayeamini lafudhi ya mwalimu ndiyo iliyomponza. Kazi hiyo huifanyia kwenye chumba chenye meza sita na watu sita.

Austin, mhadhiri anaweza kukataza bastola ofisini kwake, ilimradi ofisi iwe yake peke yake. Chumba cha meza sita si cha mtu peke yake. Yaani profesa mwenye mlango wake, ambaye wanafunzi humwogopa, analindwa. Msaidizi wake mgeni mwenye viza, anayebeba lawama zote, halindwi. Maprofesa watatu wa Austin walishtaki sheria wakitaka pia madarasa yao yaachwe nje. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ilitupa kesi yao mwaka 2018. Georgia hapa ni bora: sheria yake imeacha nje ofisi za wahadhiri na wafanyakazi. Kansas hakuna kinga ya namna hiyo.

Halafu kuna kile kinachofundishwa. Mwaka 2016 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Houston walioneshwa kwenye kikao ushauri wa kuwa waangalifu na mada nyeti, kufikiria kuacha baadhi ya mada, na kupunguza kukutana na wanafunzi ofisini bila miadi. Ulikuwa ushauri wa wahadhiri wenyewe kwa wenzao, haukuwa amri. Oktoba 2014, Anita Sarkeesian, mkosoaji wa jinsi wanawake wanavyooneshwa kwenye michezo ya video, alifuta mhadhara wake Utah State baada ya kutishiwa mauaji ya halaiki, kwa kuwa chuo hakikuwa na uwezo wa kuwazuia wenye leseni kuingia ukumbini na silaha zao. Ukienda kusoma uhandisi haya hayatakugusa sana. Ukienda kusoma historia, jinsia, siasa au dini, na ukifundisha, yatakugusa.

Wasio huku wala kule

Tennessee inawaruhusu waajiriwa wa muda wote tu wenye kibali, si wanafunzi. Wisconsin inaruhusu kwenye viwanja, ila chuo kinaweza kubandika katazo kwenye milango ya majengo. Minnesota, yenye Wakenya wengi, ina mpangilio wa kuchekesha: chuo cha umma kinaweza kuwakataza wanafunzi na wafanyakazi wake, lakini si mgeni mwenye kibali aliyekuja kutembea.

Na sheria hizi hazikai mahali pamoja. Colorado iliruhusu kwa miaka, mahakama yake ya juu ikathibitisha hivyo mwaka 2012, kisha bunge likageuza, na tangu tarehe 1 Julai 2024 ni marufuku. West Virginia siku hiyohiyo ya 1 Julai 2024 ndipo ilipoanza kuruhusu. Shahada ni miaka minne, na uchaguzi wa wabunge wa majimbo huwa umepita kati.

Ningechagua hivi

Ufadhili ukiwa tofauti sana, fuata ufadhili. Mtoto anayefanya kazi za usiku kwa siri ili kulipa ada yuko hatarini kuliko aliyekaa darasani karibu na mwenye leseni, na akikamatwa akifanya kazi bila kibali anapoteza viza. Tena sheria ya chuoni inaishia getini: kuanzia mwaka wa pili wanafunzi wengi hupanga mtaani, na hapo mtaa unaopanga una uzito kuliko kanuni za kampasi.

Ufadhili ukilingana, shahada ya kwanza ningeipeleka California au Illinois, au chuo binafsi popote kinachokataza, Texas ikiwemo. Baada ya hapo Georgia, kwa sababu ya mabweni. Austin ningekwenda bila kusita sana kwa jina la chuo na kwa kuwa vyumba vya bweni vimefungwa. Texas A&M na Kansas ningekwenda kwa sharti la kujua nitalala wapi na na nani. Kwa anayekwenda uzamivu na atakayefundisha, ningeipandisha Georgia juu ya Texas yote, isipokuwa idara ya Texas ihakikishe mahali pa kukutana na wanafunzi ambapo kuna watu wengine.

Iandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kulipa amana ya nafasi. Waulize kama wakazi wa bweni wanaruhusiwa kukaa na bastola vyumbani, na kama ndiyo, inahifadhiwa wapi. Waulize kama unaweza kuomba mwenzako wa chumba asiwe nayo. Anayekwenda kufundisha aulize idara, si ofisi ya wageni, ofisi yake itakuwa ya watu wangapi. Wengi hujibu ndani ya wiki, tena kwa uwazi, maana wameshaulizwa na wazazi wa Wachina na Wahindi kabla yetu. Wakikujibu kwa kiungo cha kanuni za chuo bila maelezo, fungua kanuni hizo na utafute sehemu ya makazi. Huwa iko mbali na sehemu ya madarasa, na ndiyo inayotofautisha chuo na chuo.